Herufi Moja ya DNA: Mwongozo Kamili wa Kusoma Jenetiki, Uzazi, Kinga na Magonjwa kupitia Selimundu

Katika vitabu vingi vya biolojia, jenetiki ina sura yake, uzazi una sura yake, kinga ya mwili nayo ina yake, na magonjwa huwekwa mwishoni, pale ambapo muhula huwa umekaribia kwisha na mwalimu anakimbizana na muda. Mwanafunzi huishia kuzikariri sura hizo nne bila kuona kwamba zinazungumzia mwili mmoja. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: tunachukua ugonjwa mmoja, selimundu, ambao mitaani watu wengi huuita siko seli, na kuufuata kutoka kwenye herufi moja ya DNA hadi kwenye kitanda cha mtoto wodini, tukieleza kila dhana pale inapohitajika na si kabla.

Ugonjwa huu haukuchaguliwa kwa bahati. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka nchini Tanzania, na hakuna mkoa wa Pwani au wa Kanda ya Ziwa ambako mwanafunzi atakosa kumjua mtu anayeishi nao. Zaidi ya hayo, ni ugonjwa wa kurithi unaofungamana na ugonjwa wa kuambukiza, yaani malaria, kwa namna ambayo haiwezi kuelezeka bila kuzishika sura zote nne kwa pamoja. Unachohitaji ni daftari, penseli, mabakuli mawili, na maharage ya rangi mbili, mekundu na meupe, yenye ukubwa unaolingana, hamsini ya kila rangi kwa kila bakuli.

Hatua ya kwanza: anza na herufi, si na mraba

Wanafunzi wengi hukimbilia mraba wa Punnett, jedwali la kukadiria watoto watarithi nini, kwa sababu huchoreka haraka na huonekana kama njia ya mkato ya kupata alama. Usianzie huko. Anzia ndani ya kiini cha seli, ambamo binadamu ana kromosomu 46 zilizopangika katika jozi 23, na katika kila jozi kromosomu moja ilitoka kwa mama na nyingine kwa baba. Jeni ni kipande cha DNA ndani ya kromosomu chenye maelekezo ya kutengeneza, kwa kawaida, protini fulani. Aleli ni sura mojawapo ya jeni hiyo. Ukisema "pilau" umetaja jeni. Ukisema "pilau ya kwa bibi, ile yenye bizari nyingi" umetaja aleli. Kwa kuwa kromosomu zinakwenda mbilimbili, kila mtu ana aleli mbili za jeni tunayoishughulikia hapa, na aleli hizo zinaweza kufanana au kutofautiana.

Jeni yenyewe ipo kwenye kromosomu namba 11 na kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na husomwa tatutatu. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni na hutaja asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini. Kodoni ya sita ya mnyororo huu kwa kawaida ni GAG, ambayo hutaja asidi ya glutamiki. Kwa mwenye aleli ya selimundu, herufi ya katikati imebadilika kutoka A kuwa T, kodoni imekuwa GTG, na badala ya asidi ya glutamiki seli huweka valini. Asidi amino nyingine 145 za mnyororo huo zimebaki kama zilivyokuwa.

Hapa kuna mtego ambao umewaponza wanafunzi wengi kwenye karatasi ya mtihani. Herufi A ya adenini, iliyomo katika DNA, haihusiani hata kidogo na herufi A inayotumika kuitaja himoglobini ya kawaida. Ili usijichanganye, andika HbA kwa himoglobini ya kawaida na HbS kwa himoglobini ya selimundu, na uziache herufi tupu kwa ajili ya DNA. Vilevile kumbuka kwamba maelekezo yakinakiliwa kwenda kwenye RNA mjumbe, T huandikwa U, hivyo GTG husomeka GUG.

Hatua ya pili: fuata protini hadi kwenye umbo la seli

Swali la kujiuliza sasa ni hili: inawezekanaje asidi amino moja kati ya 146 imlaze mtu kitandani? Jibu limo katika tabia ya zile asidi amino mbili zilizobadilishana. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na hupendana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji. Himoglobini ya HbS inapokuwa imebeba oksijeni haina shida kubwa, lakini ikishaiachia kwenye tishu, ile valini hupata mahali pa kujishikiza kwenye molekuli ya jirani, na jirani naye humshika mwingine, hadi zinajipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe. Nyuzi hizo ndizo zinazoisukuma chembe kutoka ndani na kuipinda mithili ya mundu.

Ukibahatika kuingia maabara ya hospitali, omba kuonyeshwa kipimo cha zamani cha selimundu. Tone la damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni, sodiamu metabaisalfaiti, kisha hufunikwa kwa kioo chembamba ambacho kingo zake huzibwa ili hewa isipenye. Mwanzoni, chini ya hadubini, chembe zote ni za mviringo, zimebonyea kidogo katikati. Baada ya muda, moja huanza kuvutika upande, ukingo wake ukachongoka. Jirani yake akafuata. Na hatimaye uwanja wote umejaa maumbo yaliyopinda kama majani ya mkaratusi yaliyodondoka chini. Mtu akishaliona tukio hilo kwa macho yake hahitaji kukariri maana ya jina la ugonjwa.

Kipimo hicho, hata hivyo, kina udhaifu ambao watahini wanaupenda. Chembe za mtu mwenye aleli moja tu ya HbS nazo hupinda zikinyang'anywa oksijeni kwa kemikali, kwa hiyo kipimo hakitenganishi mgonjwa na mbebaji. Kinachotenganisha ni elektroforesisi: himoglobini huwekwa kwenye uwanja wa umeme katika mazingira ya alkali, na HbA husafiri kwa kasi zaidi kuelekea ncha chanya kuliko HbS, kwa sababu HbS imepoteza chaji hasi za asidi ya glutamiki. Mgonjwa hana mstari wa HbA, mbebaji ana mistari yote miwili, na asiye na aleli hiyo ana mstari wa HbA bila wa HbS. Linus Pauling na wenzake walitumia njia ya namna hii mwaka 1949 kuonyesha kwamba ugonjwa unaweza kukaa ndani ya molekuli, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha kuwa tofauti yote ni ile asidi amino moja.

Madhara ya chembe zilizopinda ni mawili, na usiyaunganishe. La kwanza ni upungufu wa damu: chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ilhali ya selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na uboho hauwezi kufidia kasi hiyo. La pili ni kuziba kwa mishipa midogo, ambako huleta maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo, na wakati mwingine kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Baridi, homa na upungufu wa maji mwilini huchochea kuziba huko, na ndiyo sababu wazazi wenye uzoefu hawamwachi mtoto kama huyu aende shule bila chupa ya maji.

Hatua ya tatu: chukua mabakuli, na uelewe meiosisi kwa vidole

Seli za mwili hugawanyika kwa mitosisi, ambapo seli moja huzaa mbili zenye kromosomu 46 kila moja. Seli za uzazi hutengenezwa kwa meiosisi: DNA hurudufiwa mara moja, kisha seli hugawanyika mara mbili, na mwisho wake kila gameti, yaani mbegu au yai, hubaki na kromosomu 23, moja tu kutoka kila jozi. Kwa mwanamume, seli moja inayoanza safari hiyo hutoa mbegu nne. Kwa mwanamke hutoa yai moja kubwa pamoja na vijiseli vidogo visivyo na mchango katika uzao, kwa kuwa yai hulimbikiziwa akiba yote ya chakula. Inafaa pia kujua kwamba meiosisi ya mwanamke huanza kabla hajazaliwa, husimama, na huendelea miaka mingi baadaye wakati yai linapopevuka. Maana yake ni kwamba yai lililokutoa wewe lilianza kutengenezwa mama yako alipokuwa bado tumboni mwa bibi yako.

Sasa chukua yale mabakuli. Moja ni la mama, jingine la baba, na kila moja lina maharage mekundu 50 yanayowakilisha HbA na meupe 50 yanayowakilisha HbS. Wazazi hawa wote ni wabebaji; hawaumwi, lakini nusu ya gameti zao zina HbS. Fumba macho, toa harage moja kutoka kila bakuli, andika jozi uliyopata, kisha urudishe kila harage katika bakuli lake na uchanganye tena. Rudia mara 40.

Ukishamaliza, hesabu. Nadharia inasema utapata jozi 10 za mekundu matupu, 20 za mchanganyiko na 10 za meupe matupu. Kuna uwezekano mkubwa kuwa hukupata hivyo hasa. Pengine una meupe matupu 7, au 13, na mwenzako wa dawati la pili ana 9. Hilo si kosa lako, na usirekebishe namba ili zifanane na kitabu. Unganisheni matokeo ya darasa zima na mtaona asilimia zikisogea kuelekea robo, nusu na robo. Mraba wa Punnett ni muhtasari tu wa kazi hii: gameti za baba juu, za mama pembeni, na vyumba vinne ndani.

Kurudisha harage bakulini ndiko kunakobeba somo lenyewe. Kila mimba huanza upya. Wazazi waliopata mtoto mmoja mwenye selimundu hawajamaliza zamu yao. Uwezekano wa mtoto anayefuata ni robo ile ile, na wa anayefuata baada yake pia. Nimesahihisha madaftari mengi yenye sentensi "kati ya watoto wanne mmoja ataumwa", na kila mara naikata kwa wino mwekundu, kwa sababu zipo familia zenye watoto wanne wote wazima na zipo zenye watatu wagonjwa, na zote mbili hazijavunja sheria yoyote ya jenetiki. Andika "kila mtoto ana uwezekano wa robo".

Na hapa tuligusie jambo linalovunja nyumba nyingi. Mtoto hawezi kuwa na aleli mbili za HbS bila kupata moja kwa kila mzazi. Mama anayelaumiwa kwamba "ukoo wao ndio wenye damu mbaya" analaumiwa na watu wasiojua kuhesabu maharage.

Kabla hujaondoka kwenye hatua hii, jibu swali moja la istilahi. Je, aleli ya HbS ni fichu au tawala? Inategemea unatazama nini. Ukitazama ugonjwa, ni fichu, kwa sababu mwenye aleli moja haumwi. Ukitazama protini, aleli zote mbili hufanya kazi bega kwa bega, na mbebaji ana HbA na HbS ndani ya chembe zile zile. Huo ni utawala wa pamoja, sawa na ule wa kundi la damu AB. Ukieleza hivyo kwa sentensi mbili, mtahini atajua kwamba umeelewa.

Hatua ya nne: kutoka utungisho hadi mwezi wa sita

Mbegu hukutana na yai kwenye mrija wa uzazi, si kwenye mji wa mimba, na muungano wao ni zaigoti yenye kromosomu 46. Kuanzia hapo jenotaipu ya mtoto, yaani jozi ya aleli alizonazo, imeshaamuliwa. Zaigoti hugawanyika kwa mitosisi huku ikisafiri, na baada ya takribani wiki moja kiinitete huanza kujipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba, ambako kondo la nyuma litajengwa. Damu ya mama na ya mtoto hupita karibukaribu kwenye kondo, lakini kwa kawaida hazichanganyiki. Oksijeni, chakula na taka ndivyo vinavyovuka.

Kwa nini basi mtoto mwenye aleli mbili za HbS haumwi tumboni, wala katika miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa? Kwa sababu kijusi hutumia himoglobini nyingine, HbF, isiyokuwa na mnyororo wa beta kabisa. Mahali pake pana mnyororo wa gama, unaotokana na jeni tofauti. HbF hushika oksijeni kwa nguvu kuliko himoglobini ya mama, na ndivyo mtoto anavyoweza kuivuta oksijeni upande wake wa kondo. Baada ya kuzaliwa, jeni ya gama huzimwa polepole na ya beta huchukua nafasi. Kadiri HbF inavyopungua, HbS huongezeka, na dalili za kwanza huonekana kuanzia karibu mwezi wa sita: mara nyingi ni kuvimba kwa viganja na nyayo, mtoto akilia kila anapoguswa.

Elimu hii si ya mtihani tu. Dawa ya haidroksiyurea, inayotumiwa na wagonjwa wengi, husaidia kwa kiasi kikubwa kwa kuuamsha mwili utengeneze tena HbF. Na matibabu ya kwanza ya kuhariri jeni kuidhinishwa kwa ugonjwa huu, Uingereza mnamo Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, hayagusi ile herufi iliyokosewa hata kidogo. Yanachofanya ni kuharibu swichi inayoizima HbF.

Hatua ya tano: kinga, na bandama iliyochoka

Kinga ya mwili ina tabaka mbili. Ya asili huzaliwa nayo kila mtu: ngozi, ute, asidi ya tumboni, na chembe nyeupe zinazomeza chochote kigeni bila kuchagua. Ya pili hujifunza. Limfosaiti aina ya B hutambua antijeni mahususi na kutengeneza kingamwili za kuishika. Limfosaiti aina ya T huua seli zilizoambukizwa au kuratibu mapambano. Na baada ya ushindi hubaki chembe za kumbukumbu, ambazo ndizo zinazofanya chanjo iwe na maana. Usichanganye kingamwili na antijeni: antijeni ni alama ya mgeni, kingamwili ni silaha iliyofuliwa kwa kipimo cha alama hiyo.

Mtoto mchanga huanza maisha na silaha za kuazima. Kingamwili za aina ya IgG huvuka kondo kutoka kwa mama, na maziwa ya mama humwongezea za aina ya IgA zinazolinda utumbo. Hiyo ni kinga tulivu. Hufika tayari lakini hudumu miezi michache tu, kwa kuwa mtoto hakuzitengeneza mwenyewe. Kinga tendaji ni ile mwili unayoijenga, ama kwa kuugua ama kwa kuchanjwa.

Sasa rudi kwenye selimundu. Bandama, ambayo wengine huiita wengu, huchuja damu na ni ngome muhimu dhidi ya bakteria wenye utando wa nje mnene, hasa pneumokokasi. Mishipa yake ni membamba na oksijeni ndani yake ni kidogo, kwa hiyo chembe zilizopinda hukwama humo mapema kuliko kwingine. Katika miaka ya mwanzo ya maisha bandama ya mtoto mgonjwa huharibika kidogo kidogo hadi isifanye kazi. Mtoto huyu hakurithi upungufu wa kinga. Amerithi herufi moja iliyokosewa katika jeni ya himoglobini, na kosa hilo limeangusha ngome. Ndiyo maana hupewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, hata akiwa mzima wa afya, hadi angalau miaka mitano, pamoja na chanjo ya pneumokokasi. Jaribio lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1986 lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti kati ya watoto waliopewa penisilini na wasiopewa ilikuwa kubwa mno kuendelea kusubiri.

Hatua ya sita: malaria, na kwa nini herufi hii haikupotea

Kama aleli ya HbS huua watoto, mbona haikufutika zamani? Swali hili lilimkaa moyoni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, alikusanya sampuli za damu za watu wa makabila mbalimbali, na akaona wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni wachache sana nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aleli moja ya HbS humkinga mtu dhidi ya malaria.

Ili kuelewa kinga hiyo, fuata kimelea. Mbu jike wa Anopheles akiuma huingiza vimelea ambavyo hukimbilia kwenye ini na kuzaana humo kwa siku kadhaa bila dalili. Kisha huingia kwenye damu, kila kimoja katika chembe nyekundu, na kwa Plasmodium falciparum chembe hupasuka kila baada ya saa 48 hivi na kumwaga vimelea vipya. Homa hutokana na kupasuka huko. Baadhi hugeuka kuwa gameti tarajiwa, na muungano wa kijinsia hutokea tumboni mwa mbu, jambo ambalo wanafunzi husahau kwa kuwa wamezoea kumwona mbu kama msafirishaji tu.

Kimelea kikiingia kwenye chembe ya mbebaji, chembe hiyo hupinda kwa urahisi zaidi na kuondolewa na bandama pamoja na abiria wake, na ndani ya tishu zenye oksijeni kidogo kimelea hukua kwa shida. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto wabebaji walikuwa na kinga ya takribani asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Angalia kwamba hii si kinga ya kingamwili. Ni kinga ya maumbile ya chembe yenyewe.

Tahadhari kubwa: mbebaji ndiye anayefaidika. Mgonjwa mwenye aleli mbili hana kinga ya kumtegemea. Malaria humpata akiwa tayari na damu kidogo na bandama mbovu, na huwa miongoni mwa vitu vya hatari zaidi kwake. Usemi wa mitaani kwamba "mwenye siko seli haumwi malaria" umeshagharimu maisha, na mwanafunzi wa biolojia ana wajibu wa kuusahihisha kila anapousikia.

Hesabu ya Hardy na Weinberg inaonyesha vizuri jinsi aleli inavyojificha. Chukua jamii ambamo asilimia 10 ya aleli zote za jeni hii ni HbS, yaani q, sehemu ya HbS, ni 0.1 na p, sehemu ya HbA, ni 0.9. Kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa, 810 hawana aleli hiyo (p × p), 180 ni wabebaji (2 × p × q) na 10 ni wagonjwa (q × q). Hesabu aleli zenyewe: wabebaji wana 180, wagonjwa wana 20. Asilimia 90 ya aleli za HbS zimo ndani ya watu wazima wa afya, ambao pia hawafi kirahisi kwa malaria. Hata kama wagonjwa wote wangekufa kabla ya kuzaa, mto huo haungekauka haraka.

Chanjo ya malaria iingie hapa kwa ufupi. RTS,S, iliyofanyiwa majaribio katika vituo kadhaa vya Afrika vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watoto mnamo Oktoba 2021, huufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya kimelea kinachoelekea kwenye ini. R21 ilifuata Oktoba 2023. Kinga ya chanjo hizi si kamili, na hivyo chandarua kinabaki.

Hatua ya saba: linganisha na mifano mingine, kwa haraka

Jeni ya hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hukaa kwenye kromosomu X, kwa hiyo wavulana huugua zaidi kuliko wasichana. Selimundu ipo kwenye kromosomu 11 na haichagui jinsia. Virusi vya UKIMWI hushambulia limfosaiti aina ya T zenye CD4, hivyo huvunja uratibu wa kinga. Mtoto anaweza kuvipata kwa mama, lakini huko ni kuambukizwa, si kurithi. Mfano wa Rh, antijeni ya chembe nyekundu ambayo mtu anayo (chanya) au hana (hasi), nao ni wa thamani: mama mwenye Rh hasi akibeba mtoto mwenye Rh chanya, damu kidogo ya mtoto inaweza kuingia kwake wakati wa kujifungua, akatengeneza kingamwili ambazo katika mimba ijayo huvuka kondo na kuharibu chembe za mtoto. Sindano ya anti-D, yaani kingamwili dhidi ya Rh, ikitolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua huzuia mwili wa mama usijifunze somo hilo.

Hatua ya nane: jibu swali hili bila kufungua daftari

Mtoto wa miezi tisa ameletwa kliniki akiwa na viganja vilivyovimba. Elektroforesisi haionyeshi HbA. Wazazi wake wote ni wazima, na ana kaka wa miaka saba ambaye hajawahi kuumwa na hajapimwa. Taja jenotaipu za wazazi. Eleza kwa nini dalili zimechelewa. Eleza kwa nini mtoto anapewa penisilini. Na ukadirie uwezekano wa kaka yake kuwa mbebaji.

Sehemu tatu za mwanzo umeshazipata ukisoma. Wazazi wote ni wabebaji, kwa kuwa ni wazima na kila mmoja ametoa HbS. Dalili zilichelewa kwa sababu ya HbF. Penisilini ni kwa ajili ya bandama.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayowaangusha hata wanafunzi hodari, ambao huandika nusu bila kusita. Rudi kwenye karatasi yako ya maharage. Kaka huyu ana miaka saba na ni mzima, kwa hiyo jozi ya meupe matupu haimhusu, ikate. Zimebaki jozi za mekundu matupu, ambazo kwa nadharia ni 10, na za mchanganyiko, ambazo ni 20. Kati ya jozi 30 zilizobaki, 20 ni za wabebaji. Jibu ni theluthi mbili.